Kikombe cha Tatu Kwenye Kiwanja cha Bure

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kulitafuta, nitamkumbusha kwa ufupi. Mimi ni Mifleh, watu huniita Abu Rakan, na miaka minane sasa ukoo wetu hauishi kwao Karak. Mdogo wangu Sattam alimgonga mtu kwenye msafara wa harusi, honi zinalia, watu wananing'inia madirishani, na mtu yule akafa palepale. Jina lake Fauzan. Asubuhi ya siku hiyohiyo yeye na Sattam walikuwa wametoleana maneno mazito juu ya mpaka wa shamba, kwa hiyo hakuna aliyetaka kusikia neno ajali.

Sattam akakimbilia Romania bila kuaga. Sisi tuliobaki tukahamishwa kwa ajili ya damu, kama desturi inavyotaka ukoo wa aliyeua uondoke machoni pa wafiwa, wazee na watoto na mbuzi wetu, tukaja kupanga Madaba. Nimewaeleza jinsi duka langu la mikate lilivyokufa na jinsi mke wangu alivyorudi kwao. Niliishia pale dada yetu Wadha aliponipigia kutoka hospitali: mama amekataa kula, anasema hatatia kitu kinywani mpaka amwone Sattam.

Na Sattam akasema anakuja.

Basi nilikuwa na kazi moja tu duniani. Nimtoe mlangoni pa uwanja wa ndege, nimfikishe kitandani kwa mama, na mtu wa Karak asimwone. Kwetu msafiri hupokewa na ukoo mzima, magari yanafuatana, vigelegele mpaka askari wanafukuza watu. Mdogo wangu nilikwenda kumpokea kama mzigo wa magendo.

Maegesho ya kulipia sikuyataka. Pale langoni kuna mlinzi wa kwetu Karak, mdomo wake hauna kifuniko. Nikaenda kiwanja cha bure, kile cha kando ya barabara, ambapo madereva hukaa kwenye magari yao wakingoja simu. Hulipi, hushuki kwenda popote, hakuna anayekuuliza jina. Mtu wako akitoka anakupigia, unafika mlangoni, anaruka ndani, mnaondoka. Nilijiona nina akili nyingi siku ile.

Upepo wa vumbi ulikuwa umeanza tangu asubuhi. Adhuhuri jua lilikuwa limegeuka rangi ya dengu, na ndege zote zilikuwa zinazungushwa juu kwa juu, haziruhusiwi kushuka. Simu ya Sattam ilikuwa imezimwa. Nikakaa, nikavuta tasbihi, nikangoja.

Ndipo pikapu moja nyeupe ikaja ikasimama nyuma yangu, karibu kabisa, ikanifungia njia.

Nikashuka nimwambie mwenyewe asogee. Alikuwa mzee wa makamo ya baba mdogo, kilemba kimefungwa vizuri, ndevu zimechanwa, na mkononi ameshika chupa kubwa ya kahawa. Kabla sijafungua mdomo akanishinda.

"Zima injini, mwanangu, mafuta hayaokotwi. Ndege zenyewe zimepotea huko juu. Ukipata simu yako nitasogea. Mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

Nitamgombezaje mtu wa namna hiyo? Nikacheka. Akasema anaitwa Abu Mishal, amefanya kazi Tabuk, ng'ambo ya mpaka, karibu umri wake wote, na sasa amerudi nyumbani kuzeeka. Akaniuliza swali ambalo kwetu huulizwa kabla hata ya salamu kwisha: mimi ni wa watu gani?

Nikadanganya. Nikasema sisi ni wa mji wa Salt, na nikataja ukoo wa mke wangu. Akaitikia kwa kichwa, akasema watu wa Salt ni watu wema, hasa wakiwa mbali. Tukacheka wote wawili.

Kwenye gari la jirani alikuwapo mama mmoja mnene wa Madaba, Umm Jiris, mwenye msalaba shingoni na sinia la biskuti za tende kwenye mapaja. Anamngoja binti yake kutoka Marekani. Naye akashuka. Na yule askari wa kiwanja, aliyekuwa akipuliza kipenga kila dereva alipoliacha gari lake hatua chache, akasogea kufuata harufu ya iliki. Vumbi likatufanya ndugu.

Abu Mishal akamimina. Vikombe vile vidogo visivyo na mkono, kahawa chungu kama inavyotakiwa.

Hapa inabidi niseme jambo, maana ndilo lililoniua. Kwetu kikombe cha kwanza ni cha mgeni. Ukishakunywa cha mtu, au ukishakula chake, hata tonge moja, hata maji, yeye hawezi tena kukudhuru. Hata kama umemuulia mwanawe, mpaka siku zako za ugeni ziishe atakulinda kwa shingo yake. Cha pili ni cha raha tu. Cha tatu ni cha upanga. Ukikinywa hicho umekula kiapo kwamba mkono wako hautainuka juu ya mwenye kahawa, na mwenye akili hutikisa kikombe kabla ya kufika huko, kuonyesha ametosheka.

Cha kwanza nikanywa kwa adabu.

Cha pili nikanywa kwa hofu, maana hofu hukausha koo. Umm Jiris akawa anasimulia jinsi binti yake alivyoondoka na nywele nyeusi, na kwenye picha za sasa zimekuwa rangi ya mahindi. Akanigeukia.

"Na wewe wako yuko nje muda gani?"

"Miaka minane, mama."

"Miaka minane? Basi jiandae kumkumbatia mtu mwingine. Utamjuaje?"

Nikajibu kwa majivuno, kama mtu anayesifiwa ng'ombe wake. Nikasema kanitumia picha yake jana. Ndevu hana tena, kichwa kanyoa, kakonda, ana koti la kijani na begi lenye mkanda mwekundu. Hata waliomzaa watampita njiani.

Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenishika koo. Nilikaa kwenye kiwanja nilichokichagua kwa ajili ya siri, nikaimwaga siri yote mbele ya biskuti za tende.

Abu Mishal alikuwa ameinamia simu yake, anaandika kwa kidole kimoja, polepole, ulimi nje kidogo kama wazee wanavyofanya. "Mama watoto," akasema. "Anataka nirudi na ndimu." Askari akamwambia ndimu za huku ni ghali. Umm Jiris akasema mwanaume anayetumwa ndimu ana bahati, wake hajatumwa kitu tangu alipozikwa.

Kikombe changu kikajaa tena. Nikakinywa huku nacheka. Mkono wangu ulisahau kutikisa.

Nikamrudishia kikombe, naye ameegemea dirisha la pikapu yake, na hapo macho yangu yakapanda kwenye kioo cha pikapu, kile cha kutazamia nyuma. Palikuwa na picha inaning'inia, imefungwa kwa nailoni isichafuke. Kijana mwenye masharubu, anacheka, na utepe mweusi kwenye pembe.

Fauzan.

Nikashika mlango wa gari kama mtu anayetaka kuendelea na mazungumzo. Nikamwangalia tena yule mzee, safari hii nikamwangalia kweli, na paji la uso lilikuwa lilelile la kwenye picha. Nikakumbuka kwamba marehemu alikuwa na kaka yake mkubwa ng'ambo ya mpaka, ambaye wazee walipojaribu kutusuluhisha hakuwapo. Ndiyo maana sikuwahi kumwona.

Nikampigia Sattam. Imezimwa. Nikatazama gari langu: mbele ukuta, nyuma pikapu. Juu yetu tukasikia muungurumo, ndege nyingine tena, maana zilikuwa zimeruhusiwa kitambo huku sisi tunakunywa, inashuka ndani ya vumbi bila kuonekana.

Nikajiambia, tulia. Huyu hanijui. Amekuja kama watu wanavyokuja, labda anampokea mtu wake. Lakini kama hanijui leo, dakika kumi zijazo atamwona Sattam akiruka ndani ya gari langu, na ndevu au hakuna ndevu, mtu haisahau sura iliyomuulia nduguye. Nikatafuta njia, na njia niliyoiona ni ile waliyotuachia wazee.

Kwetu ukiwa na ombi zito kwa mtu, humwombi mikono mitupu. Unapokea kahawa yake, unaiweka chini, hunywi. Kahawa isiyonywewa ni aibu kwa mwenye nyumba. Atakuambia kunywa, ombi lako nimelikubali. Akishalitamka mbele ya watu, limekwisha, hata kama umeomba damu ya mwanawe.

"Ami," nikasema, "nimiminie kingine."

"Wewe unakunywa kama ngamia aliyetoka jangwani," akasema, akamimina.

Nikakipokea. Nikakiweka juu ya boneti ya gari langu. Nikarudisha mikono nyuma.

Umm Jiris akaacha kutafuna. Yule askari akakiondoa kipenga mdomoni. Mkristo, Mwislamu, mtu wa mjini, mtu wa jangwani, hakuna kwetu asiyejua maana ya kikombe kilichowekwa chini.

Abu Mishal akakitazama kikombe, kisha akanitazama. Hakushtuka. Hilo lilipaswa kunionya.

"Kunywa, mwanangu. Ombi lako limekubaliwa."

"Hujalisikia, ami."

"Anayesikia kwanza ndipo akubali, huyo ni mfanyabiashara. Kunywa."

"Liseme mbele ya mama huyu na askari huyu."

Akawageukia. Akasema kwa sauti ya kutosha, mkono kifuani, kwamba ombi la mgeni wake limekubaliwa kwa neno lake, na wao ni mashahidi. Nikakichukua kikombe. Vumbi lilikuwa limeingia ndani, nikanywa hivyohivyo, meno yakasaga mchanga.

"Mimi si wa Salt," nikasema. "Ni Mifleh wa ukoo wa Sunud. Ninayemngoja ni mdogo wangu Sattam. Anakuja kumwona mama yetu, mama yuko hospitali na hali chakula. Naomba shingo yake isiguswe, ami. Mpaka mama amwone, na baada ya hapo nitamleta mwenyewe kwenu, na wazee, na chochote mtakachosema."

Umm Jiris akajipiga ishara ya msalaba. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuona haya. Nilihisi nimeshinda. Nawaambia kweli, kwa pumzi mbili tatu nilihisi Mungu amenipa njia pasipo njia.

Abu Mishal akakichukua kikombe changu, akakifuta kwa pindo la kilemba, akakirudisha ndani ya kile kingine.

"Nilikujua tangu unaegesha," akasema. "Una pua ya marehemu baba yako. Watu wa Salt!"

Nikajishika pua kama mtoto.

"Dada yenu kamwambia muuguzi, muuguzi kamwambia shangazi yake. Ndege tuliijua. Tulichokosa ni sura. Mtu aliyeondoka miaka minane, kama alivyosema mama hapa, utamjuaje?" Akaiweka simu yake mfukoni, taratibu. "Koti la kijani, begi lenye mkanda mwekundu. Hatukuhitaji zaidi."

Hapakuwa na ndimu. Hapakuwa na mama watoto.

"Umenipa neno lako," nikasema. Sauti ilikuwa inatoka kwa mtu mwingine.

"Nimekupa, na neno langu limesimama. Mkono wangu hautamgusa. Na wewe mkono wako hautanigusa, vikombe umekunywa, mashahidi hawa hapa." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata yeye hakuwa na furaha. "Lakini mimi ni ami tu, Abu Rakan. Haki ya kulipiza damu si yangu. Damu ni ya mtoto wa marehemu. Raed alikuwa na miaka kumi mlipomfanya yatima. Sasa amekuwa mwanaume, na hajanywa kahawa na mtu yeyote wa kwenu."

"Yuko wapi?"

Kabla hajajibu, simu yangu ikalia.

Sattam.

"Kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko ambacho sijakisikia tangu mambo haya yaanze. "Umefanya vizuri kutuma mtu. Mimi natoka tu pale, kijana huyu ananikamata mkono, anasema wewe ndiye Sattam, Abu Rakan kafungiwa kwenye foleni kanituma. Ana heshima, begi amebeba yeye. Tumeshaingia barabarani."

Nikaziba simu kwa kiganja. Nikamwambia Abu Mishal ampigie Raed, neno lake alitimize. Akapiga. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akapiga mara ya tatu bila kuambiwa, na hilo likaniogopesha kuliko yote aliyokuwa amesema.

"Usimwambie mdogo wako," akanong'ona. "Bastola iko chini ya kiti. Akishtuka, akishika usukani, itakuwa palepale. Hili nakupa kwa lile neno langu, sina lingine."

Kisha akapanda pikapu yake, akairudisha nyuma, akaniachia njia. "Nenda," akasema kupitia dirishani, "kama unajua pa kwenda."

Askari alikuwa amesimama kama mti. Umm Jiris akaufungua mlango wa gari langu, akanisukuma ndani kwa mikono yake miwili, akaniambia endesha, mwanangu, endesha huku unaongea. Nikatoka kiwanjani vumbi likinipiga usoni, kioo sijapandisha, simu sikioni.

"Sattam, mko upande gani?"

"Hata sijui, kaka, vumbi tupu. Tulikuwa njia ya Madaba, kijana kasema kuna foleni, tunazungukia kusini."

Kusini ni Karak. Kusini ni ile njia ya msafara wa harusi.

Nikafikiri kwa nguvu kuliko nilivyowahi kufikiri. Bastola sina. Neno la mzee halina kazi. Mbele yangu sioni hata taa za gari lililo karibu. Nina sauti tu, na Sattam anayo masikio, na pembeni yake yupo mtoto wa Karak aliyelelewa kwa desturi zilezile zilizotulea sisi. Atamwua mtu aliyemuulia baba. Atamwua mgeni wake? Hapana. Hilo hata shetani wa kwetu hawezi, angetemewa mate na mama yake mzazi.

"Sattam, umekula chochote humo garini?"

"Nimekula nini? Ndiyo kwanza nimeingia."

"Hajakupa kitu? Peremende, sigara, maji?"

"Kuna chupa ya maji hapa katikati, ya kwake, ameinywa nusu. Kwa nini?"

"Kunywa."

Akacheka. "Kaka, vumbi limekuingia kichwani?"

"Kunywa hayo maji, Sattam. Funda moja."

Kisha akaongea kwa sauti ya chini, ile ya utotoni, tulipokuwa tunalala shuka moja.

"Siwezi. Nimeapa. Wadha kaniambia mama hali mpaka anione. Na mimi tangu nimepanda ndege sijatia kitu kinywani. Kitu cha kwanza cha nchi hii kitatoka mkononi mwa mama. Nimeapa kwa Mungu, kaka."

Nikalia. Nikamwambia kiapo nitakilipia mimi, nitalisha maskini, nitafunga siku zote atakazotaka, dhambi yote naibeba mimi. Sikumwambia kwa nini. Nilimsihi kama mtoto anavyosihi, kwa jina la mama, kwa kaburi la baba. Na nadhani kitu fulani katika sauti yangu kilimfikia, maana kicheko kilimwisha, na nilisikia anavuta pumzi na kuishikilia.

"Sawa," akasema. "Sawa, kaka."

Nikasikia plastiki inatoa mlio mkononi mwake. Na kwa sababu Sattam ni mwana wa mama yetu, aliyetufundisha kutogusa kitu cha mtu bila idhini yake, hakukifungua kifuniko kwanza. Aliomba.

"Samahani, kijana," nikamsikia anasema, kwa adabu kabisa. "Nina kiu. Naomba maji yako."

Hakujibiwa.

"Kijana?"

Chupa ikakwaruza, kama inayonyang'anywa mkononi mwa mtu. Kisha nikasikia kioo cha gari kinashushwa, na ule upepo wa vumbi uliokuwa unanipiga usoni ukaingia kwenye simu, na chupa ikagonga lami.